Mwanga Unaotakasa Maji: Somo kwa Familia za Minto Kuhusu Mionzi ya Urujuanimno

Utangulizi

Kijitabu hiki kimeandaliwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili wanaoishi Minto na vitongoji jirani, kusini-magharibi mwa Sydney. Wengi wa wasomaji wake walijifunza kutunza maji mahali pengine: kando ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya Kivu, katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, au Kakuma nchini Kenya. Huko kila mzazi alijua kwamba maji hayanyweki mpaka yachemke, au mpaka yatiwe dawa ya klorini na kuachwa kwa nusu saa. Ujuzi huo uliokoa maisha ya watoto wengi, na haufai kudharauliwa.

Mtu afikapo Minto, ujuzi huo hukutana na mambo mawili mapya. La kwanza ni bomba ambalo maji yake hunywewa moja kwa moja. La pili ni matangazo ya vifaa vinavyotakasa maji kwa mwanga usioonekana kwa macho, vinavyouzwa madukani, kwenye intaneti na wakati mwingine mlangoni. Baadhi ya familia hujiuliza: je, tunakihitaji kifaa hiki? Kinafanya kazi kweli? Na je, kinaweza kuwasaidia jamaa zetu walioko nyumbani?

Somo hili linajibu maswali hayo matatu. Lisome polepole, kisha ujipime kwa maswali yaliyo mwishoni.

Mambo makuu ya kukumbuka

• Maji ya bomba ya Minto yamekwisha kuchujwa na kuuliwa viini vya maradhi. Kwa kawaida nyumba inayopata maji hayo haihitaji kifaa cha mwanga.
• Mwanga wa urujuanimno huua viini pale tu unapovifikia. Maji machafu, kioo chenye ukoko na taa iliyozeeka huuzuia.
• Mwanga hauondoi kemikali, chumvi, risasi wala tope.
• Likitolewa tangazo la kuchemsha maji, chemsha maji, hata kama una kifaa.
• Usiitazame kamwe taa ya kifaa inapowaka.

1. Maji ya bomba la Minto yanatoka wapi?

Maji ya Minto husambazwa na shirika la Sydney Water. Kwa kawaida hutoka katika mabwawa ya Mto Nepean wa juu, yaani Cataract, Cordeaux, Avon na Nepean, kisha hupitia kiwanda cha kuchuja maji cha Macarthur, kusini mwa Campbelltown. Kiwandani tope hugandishwa na kuondolewa, maji huchujwa, kisha hutiwa dawa ya jamii ya klorini ili kuua viini. Hutiwa pia floridi kwa ajili ya kulinda meno. Sydney imekuwa ikifanya hivyo tangu mwaka 1968.

Dawa ya klorini ina sifa moja ambayo yapasa ikumbukwe katika somo hili lote: husafiri pamoja na maji. Hubaki ndani ya bomba kwa kilomita nyingi, ikiyalinda hadi yafike jikoni kwako. Harufu hafifu unayoisikia wakati mwingine unapofungulia maji ni dalili ya ulinzi huo, si dalili ya ubaya. Ukiteka maji katika jagi na kuyaweka ndani ya jokofu, harufu hiyo hupungua.

Kwa sababu hizo, mtu anayekuambia kwamba huwezi kuwa salama Minto bila kununua kifaa cha mwanga hakuelezi ukweli wote. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

2. Mwanga wa urujuanimno ni nini?

Mwanga tunaouona una rangi za upinde wa mvua, kuanzia nyekundu hadi urujuani. Baada ya urujuani kuna mwanga mwingine ambao jicho la binadamu haliwezi kuuona. Huo ndio urujuanimno. Wanasayansi huugawa katika mafungu matatu kwa urefu wa mawimbi yake. Fungu A, lenye mawimbi ya nanomita 315 hadi 400, na sehemu ya fungu B, lenye nanomita 280 hadi 315, hutufikia kutoka kwenye jua. Hayo ndiyo yanayochoma ngozi wakati wa kiangazi. Fungu C, lenye nanomita 200 hadi 280, ndilo kali kuliko yote kwa viini, lakini tabaka la ozoni hulizuia lisifike ardhini. Kwa hiyo hapana budi litengenezwe kwa taa.

Taa zinazotumika zaidi katika vifaa vya maji zina mvuke wa zebaki ndani yake, na hutoa mwanga wa nanomita 254 hivi. Siku hizi zipo pia taa ndogo za LED zinazofanya kazi hiyo bila zebaki.

Mwanga huu unauaje? Kila kiumbe hai hubeba ndani ya chembe zake maagizo ya urithi yanayoitwa DNA. Maagizo hayo ni kama ngazi ndefu iliyosokotwa. Mwanga wa urujuanimno unapoipiga ngazi hiyo, huzigandamanisha baadhi ya sehemu zake zinazokaa jirani, na maagizo hayasomeki tena. Kiini kinaweza kubaki na umbo lake, lakini hakiwezi kuzaana. Na kiini kisichoweza kuzaana ndani ya tumbo la mtu hakiwezi kumtia maradhi.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1877 Waingereza wawili, Arthur Downes na Thomas Blunt, walionyesha kwamba mwanga wa jua huzuia bakteria kukua. Mwaka 1910 mji wa Marseille nchini Ufaransa ulijaribu kutakasa maji ya kunywa kwa taa za urujuanimno. Leo miji mikubwa huitumia njia hiyo pamoja na klorini. New York ilifungua mwaka 2013 kiwanda kikubwa sana cha aina hii.

3. Funzo la Sydney la mwaka 1998

Kwa nini miji yenye klorini iongeze mwanga? Jibu lake linahusu kimelea kidogo kiitwacho kriptosporidiamu. Kimelea hiki hutoka katika kinyesi cha binadamu na wanyama. Kikiwa ndani ya maji hujifunika kwa gamba gumu ambalo klorini ya kiwango cha kawaida hailipenyi. Mwaka 1993 kilipenya katika maji ya jiji la Milwaukee, Marekani, na watu wapatao 403,000 walikadiriwa kuugua.

Miaka mitano baadaye zamu ilifika Sydney. Kati ya mwishoni mwa Julai na Septemba 1998, kriptosporidiamu na kimelea mwenzake aitwaye giadia waliripotiwa katika maji ya jiji. Matangazo ya kuchemsha maji yalitolewa mara tatu, na watu wapatao milioni tatu waliambiwa wachemshe maji kabla ya kunywa. Uchunguzi wa afya haukuona ongezeko la wagonjwa, lakini jiji lilijifunza. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na mwaka uliofuata ikaanzishwa mamlaka maalumu ya kulinda vyanzo vya maji.

Karibu na wakati uleule watafiti waligundua jambo lililobadilisha kazi ya kutakasa maji: gamba linaloizuia klorini haliuzuii mwanga. Kipimo kidogo tu cha urujuanimno hutosha kukifanya kriptosporidiamu kisiweze kuzaana. Kwa upande mwingine, baadhi ya virusi, hasa wa jamii ya adenovirusi, huvumilia mwanga kuliko bakteria, ilhali klorini huwaua kwa urahisi.

Funzo lake ni hili: hakuna kinga moja inayotosha peke yake. Kinachokosewa na klorini hukamatwa na mwanga, na kinachouvumilia mwanga huuawa na klorini. Vyote viwili hutegemea maji yaliyochujwa vizuri.

4. Mambo ambayo mwanga hauyawezi

Wengi huvunjika moyo kwa sababu walikitarajia kifaa kifanye kazi isiyo yake. Zingatia mambo manne yafuatayo.

Kwanza, mwanga hauoni nyuma ya ukuta. Punje ya tope ni ukuta kwa kiini kilichojificha nyuma yake. Maji yenye chuma, au yenye rangi ya chai kwa sababu ya majani yaliyooza, hunyonya mwanga kabla haujafika mbali.

Pili, mwanga hauondoi kitu chochote ndani ya maji. Risasi, dawa za kilimo, naitreti, chumvi na mafuta hubaki vilevile. Ladha na harufu mbaya nazo hubaki.

Tatu, mwanga hausafiri na maji. Maji yakishaipita taa hayana mlinzi tena. Yakiwekwa katika ndoo chafu, au yakipita katika bomba lenye utando wa bakteria, huchafuka upya. Aidha, baadhi ya bakteria waliojeruhiwa kidogo wanaweza kujirekebisha. Kwa hiyo maji hayo yatumiwe mapema na yahifadhiwe katika chombo safi chenye mfuniko.

Nne, mwanga unahitaji umeme. Umeme ukikatika na maji yakaendelea kutiririka, unakunywa maji yasiyotakaswa bila kujua.

5. Ni nani anayehitaji kifaa hiki?

Tuseme familia moja inapata maji ya bomba la Sydney Water kwa kupikia na kunywa. Familia hii haina haja ya kifaa, na fedha zake zinaweza kufanya kazi nyingine.

Sasa tuseme familia hiyo imehamia shamba dogo mbali na mji, mahali ambapo bomba la Sydney Water halifiki. Inakunywa maji ya mvua yaliyokusanywa kutoka kwenye paa. Juu ya paa hutua ndege, hupita wanyama wa usiku, na kinyesi chao husombwa na mvua hadi kwenye tangi. Familia hii ina sababu nzuri ya kufikiria kifaa cha mwanga, kikiwa na vichujio mbele yake. Vivyo hivyo kwa anayetumia kisima au maji ya mto, ingawa huyo anapaswa kwanza kupeleka sampuli ya maji maabara ili kujua kama kuna kemikali ambazo mwanga hauwezi kuziondoa.

Kuna pia kundi la tatu. Nyumba nyingi mpya za Minto zina bomba la jiji na tangi la maji ya mvua kwa pamoja, kwa kuwa tangu mwaka 2004 sheria za ujenzi za New South Wales zinataka nyumba mpya zitumie maji kwa uangalifu. Mahali penye maji ya bomba, NSW Health inashauri maji ya mvua yatumike kwa choo, kufua nguo na kumwagilia bustani, na maji ya bomba yatumike kwa kunywa na kupikia. Waeleze watoto na wageni tofauti ya mabomba hayo mawili. Bomba la bustani lililounganishwa na tangi si mahali pa mtoto kunywea maji.

Ikiwa tangi ndilo chanzo chako pekee, lilinde kabla hujafikiria taa:

• Kagua paa, mifereji ya paa na wavu wa tangi angalau kila baada ya miezi 6, na uondoe majani na uchafu.
• Kata matawi ya miti yanayoning'inia juu ya paa.
• Weka kifaa cha kumwaga maji ya mwanzo ya kila mvua, yaani yale yanayoosha paa.
• Ziba kila tundu kwa wavu mwembamba ili mbu na wanyama wasiingie.
• Kagua masimbi yaliyotuama chini ya tangi kila baada ya miaka 2 hadi 3.
• Usikusanye maji kutoka kwenye paa lenye risasi au rangi ya zamani inayobanduka.

6. Kabla ya kununua

Muulize muuzaji maswali yafuatayo, na umwombe majibu kwa maandishi. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

a) Kifaa kimethibitishwa kwa kiwango gani? Kwa maji yasiyo salama, tafuta kiwango cha NSF/ANSI 55 Daraja A, ambacho hutaka kipimo cha milijuli 40 kwa kila sentimita mraba. Daraja B ni kwa maji ambayo tayari ni salama. Lisitumike kwa maji ya tangi au kisima.

b) Kinapitisha lita ngapi kwa dakika? Maji yakipita kwa kasi kuliko uwezo wa taa, hupata mwanga pungufu. Chagua kifaa kwa kuhesabu mabomba yanayoweza kufunguliwa kwa wakati mmoja.

c) Je, kuna vichujio kabla ya taa? Kichujio cha mwisho kabla ya taa aghalabu huwa cha maikroni 5 au pungufu.

d) Je, kuna kengele inayolia taa inapofifia, na vali inayofunga maji umeme unapokatika? Bila hivyo, utajuaje kwamba taa imezimika?

e) Taa mpya itagharimu kiasi gani kila mwaka? Hesabu gharama ya miaka mitano, si bei ya siku ya kwanza tu.

Kifaa kifungwe na fundi bomba mwenye leseni. Ukipangisha nyumba, omba kwanza ruhusa ya mwenye nyumba. Usitie sahihi mkataba siku hiyohiyo mtu alipobisha hodi; una haki ya kusema, "Nitafikiri kwanza," na kufunga mlango.

7. Kukitunza kifaa

Taa ya zebaki huzeeka hata ikiwa bado inang'aa. Mwanga wa buluu unaouona si ule unaoua viini. Ule hauonekani, na hupungua kimyakimya. Ndiyo maana taa nyingi hubadilishwa baada ya saa 9,000 hivi, yaani takriban kila mwaka. Andika tarehe ya kubadilisha kwenye kalenda ya jikoni.

Taa hukaa ndani ya mrija wa kioo maalumu unaoutenga na maji. Mrija huo hushika ukoko wa chokaa na chuma, kama birika linavyoshika ukoko ndani yake. Usafishwe kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji, na vichujio vibadilishwe kwa wakati. Acha taa iwake saa zote. Kuiwasha na kuizima mara kwa mara huichosha.

Usalama wako mwenyewe nao una sharti lake. Chomoa umeme kabla ya kufungua kifaa. Mwanga huu huunguza macho na ngozi kwa muda mfupi, na maumivu huja baada ya saa kadhaa, wakati madhara yamekwisha kutokea. Taa ya zebaki ikivunjika, toa watoto chumbani, fungua madirisha, usitumie mashine ya kufagia inayovuta vumbi, kisha pigia Kituo cha Taarifa za Sumu, 13 11 26. Taa iliyokwisha isitupwe katika pipa la taka la nyumbani. Uliza Baraza la Jiji la Campbelltown mahali pa kuipeleka.

8. Jua na chupa: kwa jamaa walioko nyumbani

Huenda unasoma haya huku ukimfikiria mama, dada au shangazi anayeteka maji mtoni. Kifaa cha umeme hakimfai mtu asiye na umeme. Lakini jua analo, na jua linaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo.

Njia ya kutakasa maji kwa jua ilichunguzwa Beirut katika miaka ya 1980, kisha ikaendelezwa na watafiti wa Uswisi. Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa nchini Kenya kwa watoto 206 wa Kimaasai wenye umri wa miaka 5 hadi 16. Nusu yao waliweka chupa zao za maji juani, na wenzao waliziweka ndani ya nyumba. Waliokunywa maji yaliyokaa juani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Baadaye kipindupindu kilizuka katika eneo hilo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba kati ya watoto 155 wa chini ya miaka 6 waliokunywa maji ya juani, 3 waliugua kipindupindu. Kati ya watoto 144 wa kundi lingine, waliougua walikuwa 20.

Mweleze jamaa yako hatua hizi:

1. Tumia chupa ya plastiki angavu, isiyo na rangi wala mikwaruzo mingi, isiyozidi lita 2. Chupa za maji au soda zenye namba 1 ndani ya pembetatu hufaa. Ioshe kwa sabuni.
2. Maji yawe meupe. Simamisha chupa iliyojaa juu ya gazeti na utazame kutoka mdomoni mwake hadi chini. Ikiwa kichwa cha habari hakisomeki, chuja maji kwa kitambaa safi au yaache yatuame, kisha uyamimine juu juu.
3. Jaza chupa, ifunge, na uilaze mahali palipo wazi penye jua, kama vile juu ya bati.
4. Iache kwa saa 6 za jua kali. Ikiwa mawingu yamefunika zaidi ya nusu ya anga, iache kwa siku 2 mfululizo. Siku za mvua tupu, tumia njia nyingine.
5. Kunywa kutoka katika chupa hiyohiyo au kikombe safi. Usiyamimine katika ndoo ambayo mikono huingia.

Chupa iliyowekwa nyuma ya kioo cha dirisha haipati mwanga wa kutosha. Na njia hii, kama taa, haiondoi kemikali. Penye kuni au mkaa wa kutosha, kuchemsha bado ni njia ya uhakika; penye dawa ya klorini, itumiwe kwa kufuata kipimo kilichoandikwa. Jua ni kwa yule ambaye vingine vimemwishia.

Ikiwa wewe ndiye unayesafiri, unaweza kukuta kifaa kidogo cha mwanga kinachofanana na kalamu, cha kukorogea maji ndani ya kikombe. Hufanya kazi katika maji meupe tu, na hakitakasi matone yaliyobaki kwenye ukingo wa chombo. Chukua pia betri za akiba.

9. Likitolewa tangazo la kuchemsha maji

Tangazo la namna hii ni nadra, lakini historia ya mwaka 1998 inaonyesha kwamba linawezekana. Likitolewa kwa eneo lako, usitegemee kifaa cha mwanga nyumbani. Chemsha maji mpaka yatokote kwa kububujika. Birika la umeme linalojizima lenyewe linatosha. Lile la kuchagua joto liwekwe kwenye kiwango cha kuchemka. Acha maji yapoe mbali na mikono ya watoto, kisha yahifadhi katika chombo safi chenye mfuniko.

Tumia maji yaliyochemshwa kwa kunywa, kupiga mswaki, kuosha matunda na mboga zisizopikwa, na kutengeneza barafu. Endelea hadi itangazwe rasmi kwamba maji ni salama. Mwambie jirani mzee, au mgeni aliyefika karibuni, ambaye huenda hakusikia.

Maji ya kutayarishia maziwa ya unga ya mtoto mchanga yachemshwe kila siku, kisha yaachwe yapoe, hata pasipo na tangazo lolote. Mtu ambaye kinga ya mwili wake imepungua, kwa mfano anayepata matibabu ya saratani au aliyepandikizwa kiungo, amuulize daktari wake kuhusu maji ya kunywa.

10. Wakati wa kutafuta msaada

Mwone daktari wa familia ikiwa kuhara kunaendelea, kuna damu, au kunafuatana na homa kali. Mtoto mchanga anayehara au kutapika apelekwe mapema, hasa ikiwa analegea, halii kwa machozi, au nepi yake haina mkojo kwa muda mrefu. Mwambie daktari kama mnakunywa maji ya tangi, kisima au mto; usione haya. Taarifa hiyo humsaidia kuchagua kipimo sahihi.

• Dharura ya kuhatarisha maisha: 000
• Ushauri wa muuguzi, saa 24: healthdirect, 1800 022 222
• Kitengo cha Afya ya Umma: 1300 066 055
• Matatizo ya maji ya bomba, saa 24: Sydney Water, 13 20 90
• Mkalimani wa Kiswahili kwa simu: 131 450. Taja lugha yako, kisha utaje shirika unalotaka kuzungumza nalo.

Maswali ya kujipima

1. Jirani yako wa Minto ananywa maji ya bomba na anataka kununua kifaa cha mwanga kwa mkopo. Utamwambia nini?
Jibu: Maji yake yamekwisha kuchujwa na kutiwa dawa. Kwa kawaida hakihitaji, na hana haja ya kuingia deni kwa ajili yake.

2. Kisima cha rafiki yako kina dawa za kilimo. Je, taa itamsaidia?
Jibu: La. Mwanga huua viini, hauondoi kemikali. Atafute chanzo kingine na apate ushauri wa Kitengo cha Afya ya Umma.

3. Taa ya tangi lako bado inang'aa baada ya miaka miwili. Je, iko sawa?
Jibu: Usiitegemee. Mwanga unaouona si ule unaoua viini. Badilisha taa, na uchemshe maji ya kunywa mpaka ibadilishwe.

4. Shangazi yako kijijini ana maji yenye tope na chupa safi. Aanze na lipi?
Jibu: Ayatuamishe au ayachuje mpaka kichwa cha habari kisomeke kupitia kwayo, ndipo ayaweke juani.

Ukiweza kuyajibu maswali haya bila kurudi nyuma, umelielewa somo. Mfundishe mwingine nyumbani mwako, hususan yule anayejaza chupa ya mtoto ya kwenda nayo shuleni.